Niikimbize au Nisiikimbize? Somo la Prosesa, Joto na Tamaa

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, na kwetu ni Kipevu, kando ya ile barabara ambayo malori ya makontena hupita usiku na mchana hata mtu akalala akiyahesabu. Kila mwaka kurasa hizi hupata makala za methali, ngeli na tamthilia. Mwaka huu nimeomba nafasi niandike juu ya jambo lisilozoeleka humu, nalo ni tarakilishi, au kompyuta kama tunavyoiita mtaani. Msiogope. Methali zitakuja zenyewe, maana kisa hiki kimejaa tamaa, na penye tamaa methali hazikosi.

Swali ninalotaka kulijibu ni hili: mtu mwenye tarakilishi ya mezani iliyo na prosesa ya bei ya chini, naye anapenda michezo ya kompyuta, je, aikimbize prosesa yake kupita kiwango ilichopangiwa kiwandani, au aiache ilivyo? Nimelijibu swali hili mara mbili. Mara ya kwanza nililijibu kwa pupa, na mara ya pili kwa kalamu na karatasi. Majibu hayakufanana.

MASHINE YENYEWE

Tarakilishi ninayoizungumzia si yangu, ni ya mamangu. Kwake yeye hiyo ndiyo duka. Huwachapia majirani barua za kuomba kazi, huwajazia fomu za eCitizen, na kila mwezi wa Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha taarifa za kodi inapokaribia, sebule yetu hujaa watu kama stendi ya matatu. Karo yangu hutoka humo. Mchana mashine ni ya Mama. Jioni, nikishamaliza kazi za shule, huniachia saa moja nicheze kandanda ya eFootball, mchezo unaopatikana bila malipo.

Ndani yake mna prosesa ya AMD inayoitwa Athlon 3000G. Ilitoka mwaka 2019 kwa bei ya dola 49 za Marekani, na kwa prosesa hiyo ni bei ya mnyonge. Ina viini viwili, mwendo wake ni jigahezi 3.5, na imepangiwa kutumia umeme wa wati 35 hivi. Haina haja ya kadi ya picha, kwa sababu kipande cha kuchora picha kimo humo humo ndani yake.

Shida yangu ilikuwa moja. Mchezo ulikwama kwama. Mchezaji wangu alipokimbia na mpira ungedhani anapita kwenye matope ya Makupa maji yakiwa yametoka. Rafiki yangu mmoja wa darasani akaniambia, "We, hiyo prosesa haijafungwa bana! Iovakloki tu, utaona itakavyoruka kama swara." Neno hilo, kuovakloki, ndilo wanalolitumia vijana. Mimi hapa nitasema kuikimbiza prosesa, kwa kuwa ndicho kinachofanyika hasa.

MAANA YA KUIKIMBIZA PROSESA

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo. Ndani ya tarakilishi mna saa inayopiga, na kila pigo likilia, kila sehemu ya prosesa hupiga hatua moja. Jigahezi 3.5 maana yake ni mapigo bilioni tatu na nusu katika sekunde moja. Ili uone jinsi muda huo ulivyo mfupi, fikiria mwanga wa jua, ambao hakuna kiendacho kasi kuushinda. Kati ya pigo moja na jingine la prosesa hii, mwanga huenda chini ya sentimita 9, yaani kadiri ya kidole chako cha kati.

Mapigo hayo hupatikana kwa kuzidisha. Mazabodi, yaani ile bodi kuu ambayo kila kitu huchomekwa juu yake, hutoa mapigo milioni 100 kwa sekunde. Prosesa huyazidisha mara 35, na hiyo ndiyo 3.5 yetu. Ukiingia katika bayosi, ile programu inayotangulia kuamka kabla ya Windows, unaweza kukibadilisha hicho kizidisho. Weka 39 badala ya 35, nawe utapata jigahezi 3.9. Kazi yote haichukui dakika tano, na hapo ndipo mtego ulipo.

Sasa kwa nini isiwezekane kuongeza tu bila mwisho? Wafikirie hamali wa zamani wa bandarini, wamejipanga safu, wakipokezana magunia kwa mdundo wa wimbo. Kila mdundo, gunia hutoka mkono huu likaenda mkono ule. Mwimbaji akiharakisha kidogo, safu itaharakisha. Akizidi kuharakisha, itafika mahali ambapo mdundo umelia na gunia bado li hewani. Gunia litaanguka. Ndani ya prosesa, gunia ni jibu la hesabu. Pigo likilia kabla jibu halijafika, prosesa itachukua jibu lisilo sahihi na kuendelea nalo.

Dawa ya hapo ni kuongeza volti, ambayo ni kama kuwapa wale hamali uji wa moto ili mikono iwe myepesi. Prosesa yenye volti nyingi hugeuza hali upesi zaidi. Lakini volti huleta joto, na habari ya joto tutaifikia.

SI JAMBO GENI

Mchezo huu haukuanza jana. Mwaka 1998 kampuni ya Intel ilitoa prosesa ya bei ya chini iliyoitwa Celeron 300A, yenye mwendo wa megahezi 300. Watu waligundua kuwa wakibadilisha mapigo ya bodi kutoka 66 hadi 100, prosesa ile ile, ambayo kizidisho chake kilikuwa 4.5, ilikwenda megahezi 450. Hiyo ni nyongeza ya nusu nzima, na nyingi zilistahimili. Maskini akawa na mashine inayokimbizana na ya tajiri. Sifa ya jambo hili ilienea tangu siku hizo, na hata leo ndiyo inayotuvuta sisi tusiokuwa na pesa.

Lakini viwanda navyo vilijifunza. Tangu mwaka 2011, Intel hufunga vizidisho vya prosesa zake nyingi za mezani, na huacha wazi zile ambazo aghalabu huwa na herufi K mwishoni mwa jina, nazo ni ghali. Kwa hivyo msomaji, kama tarakilishi yenu ni mtumba wa ofisini kutoka Ulaya, kama zilivyo nyingi tunazonunua hapa Mombasa, na ndani yake mna i5 isiyo na K, swali langu limekwisha kujibiwa. Haikimbiziki. Hata bayosi ya mashine kama hizo kwa kawaida haina mahali pa kubadilishia.

AMD wana desturi tofauti. Prosesa zao za Ryzen zilizoanza mwaka 2017 karibu zote ziko wazi, na 3000G yetu pia iko wazi. Ila bodi nayo lazima ikubali. Bodi za A320 hazikuruhusiwa, za B350 na B450 ziliruhusiwa. Yetu ni B450.

Kufungwa huku kunanikumbusha vile vidhibiti mwendo ambavyo matatu zetu zililazimishwa kuwekewa mwaka 2004 ili zisizidi kilomita 80 kwa saa. Tofauti ni kwamba kukichezea kidhibiti cha matatu ni hatia, na prosesa yako hakuna askari atakayeisimamisha. Hasara tu ndiyo itakuwa yako, kwa maana dhamana ya AMD haifidii prosesa iliyoharibika kwa kukimbizwa, hata kama iliachwa wazi na wenyewe.

NILIVYOLIJIBU KWA PUPA

Jumamosi moja usiku, Mama akiwa matangani kwa jirani, niliingia katika bayosi. Nikaweka kizidisho 39. Volti nikaitoa 1.2 nikaipandisha hadi 1.35. Mashine ikawaka vizuri. Nikacheza dakika ishirini, haikuzimika. Mchezo, kusema kweli, sikuuona umebadilika sana, lakini nilijiambia umebadilika, maana mtu akishatenda kosa hutafuta faida yake kwa tochi. Nikalala bila kurudisha chochote mahali pake.

Jumatatu saa nane mchana, jua la Kipevu likiwaka, jirani yetu mmoja alikuja na karatasi zake. Alikuwa akiomba kazi, na siku ya mwisho ilikuwa siku hiyo hiyo saa kumi na moja. Mama akaanza kuchapa barua na wasifu wake. Alipofika ukurasa wa tatu, kioo kikaganda. Panya hasogei, herufi haziingii. Akaizima na kuiwasha. Faili likakataa kufunguka.

Nilirudi kutoka shule nikamkuta Mama anachapa upya tangu mwanzo, na jirani ameketi ukingoni mwa kiti, bahasha tupu mapajani, macho kwenye saa ya ukutani. Kazi ilikwisha saa kumi na dakika arobaini. Jirani akatoka mbio kutafuta bodaboda. Mama hakumtoza hata senti.

Usiku nilimwambia ukweli. Nilitarajia makofi, au angalau matusi ya kistaarabu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Barua ile ni shilingi 150. Jina langu hapa mtaani ni shilingi ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nikarudisha 35 na volti zake, na tangu siku hiyo mashine haijaganda tena. Nimeitazama kwa miezi minne, kwa hivyo sina wa kumsingizia. Si stima, si Windows, si kirusi. Ni mimi.

HESABU NILIYOPASWA KUIFANYA KWANZA

Mjomba wangu ni fundi wa injini za malori na majenereta huko Changamwe. Jumapili iliyofuata alikuja kututembelea. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mjomba. Nasikia umekuwa fundi kunishinda."

Nikamweleza yote. Alinisikiliza, kisha akaweka kiganja chake ubavuni mwa tarakilishi kama daktari anayempima mtoto homa. Akasema, "Mashine haisifiwi kwa kukimbia, mjomba. Mashine husifiwa kwa kupoa. Mimi nikipewa injini, siulizi yaweza kwenda mbio kiasi gani. Nauliza joto lake latokea wapi na laenda wapi."

Kisha akanionyesha upande ule wa mitambo ya umeme. Nyote mnaujua mtambo wa dizeli wa Kipevu III, ulioanza kazi mwaka 2011 ukiwa na uwezo wa megawati 120. Injini za namna ile, zaidi ya nusu ya nishati iliyo katika mafuta hutoka kama joto, kwa hivyo kuzipoza ni kazi nzima peke yake. Nazo huzungushwa kwa mwendo maalumu, ili umeme wetu utoke kwa mapigo 50 kwa sekunde, wala hakuna fundi anayezikazia zizunguke zaidi ati kwa kuwa zina nguvu.

Maneno ya Mjomba yalinipeleka kwenye daftari la fizikia. Umeme unaoliwa na prosesa inapofanya kazi hufuata kanuni hii: huongezeka sawa na mwendo, na huongezeka sawa na volti zidisha volti. Yaani volti huhesabiwa mara mbili. Tuifanye hesabu yangu ya Jumamosi:

Mwendo: 3.9 gawanya kwa 3.5 ni 1.11. Nyongeza ni asilimia 11.
Volti: 1.35 gawanya kwa 1.2 ni 1.125. Zidisha kwa yenyewe, utapata 1.27.
Umeme: 1.11 zidisha kwa 1.27 ni 1.41. Nyongeza ni asilimia 41.

Umeona? Nilinunua asilimia 11 ya mwendo kwa asilimia 41 ya joto. Muuza samaki akikuuzia hivyo utamwita mwizi. Na hizo 11 zenyewe ni kiwango cha juu kabisa, iwapo mchezo unaingojea prosesa tu. Kama unangoja kitu kingine, utapata pungufu ya hapo, au hutapata kitu.

Niseme kwa haki kwamba bili ya stima si tatizo hapa. Ile nyongeza ni kama wati 15. Ukicheza saa nne kila siku kwa mwezi mzima, utakula yuniti 2 hivi za tokeni. Hasara haiko kwenye tokeni. Hasara iko kwenye joto, na joto hutegemea unapoishi.

LONDON SI KIPEVU

Hapa ndipo wengi wetu hupotea. Tunawatazama vijana wa ng'ambo wakizikimbiza prosesa zao, kisha tunaiga namba zao. Tunasahau kuwa feni ya prosesa haitengenezi baridi. Inachofanya ni kupeleka hewa ya chumbani kwenye chuma kinachobeba joto. Prosesa haiwezi kupoa kuliko hewa inayopuliziwa. Kwa hivyo joto lake ni joto la chumba, ukijumlisha na kile inachoongeza yenyewe.

Nilipima kwa programu ya kusomea joto. Chumba chetu mchana ni digrii 31. Prosesa ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, katika mwendo wake wa kawaida, ilifika 72. Yaani ilikuwa ikiongeza digrii 41. Sasa ongeza asilimia 41 juu ya hizo, utapata kama digrii 58.

Katika chumba cha London chenye digrii 19: 19 na 58 ni 77. Hakuna neno.
Katika sebule yetu ya Kipevu: 31 na 58 ni 89. Hapo pana neno!

Kikomo cha prosesa hii ni digrii 95. Ikifika huko hujipunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na ukishafika hapo umekimbia ili upate kutembea. Hata kabla ya hapo, prosesa yenye joto huhitaji muda zaidi kutimiza kila pigo, kwa hivyo mwendo ulioustahimili usiku wa manane unaweza kukushinda saa nane mchana. Ndiyo maana jaribio langu la Jumamosi usiku lilifaulu, na barua ya Jumatatu mchana ikaanguka kama gunia la hamali.

Tena huku kwetu kuna vumbi la malori na hewa ya chumvi. Mjomba aliifungua mashine mbele yangu. Ile feni ilikuwa imevaa vumbi kama koti la manyoya! Kikulacho ki nguoni mwako. Tulisafisha kwa brashi laini, tukafuta ule mlamu wa zamani uliokauka kati ya prosesa na chuma cha kupozea, tukapaka mpya. Nikapima tena mchana, chumba kikiwa digrii zile zile 31. Badala ya 72, prosesa ilisimama kwenye 64. Kazi ya saa moja, gharama ya kikopo kidogo cha mlamu, na tumepunguza digrii 8 bila kukimbiza wala kupunguza kitu.

NI NANI ALIYEKUWA AKIUCHELEWESHA MCHEZO?

Swali nililopaswa kuliuliza kabla ya yote ni hili. Mchezo ulikwama, sawa. Lakini umeambiwa na nani kuwa ni prosesa inayoukwamisha? Mgonjwa wa tumbo hapewi dawa ya macho.

Kuna jaribio rahisi ambalo kila mmoja anaweza kulifanya bila kufungua chochote. Picha ya mchezo ina ukubwa. Kwangu ilikuwa nukta 1920 kwa 1080, yaani nukta zaidi ya milioni mbili katika kila fremu. Ipunguze iwe 1280 kwa 720, ambazo ni nukta laki tisa na kitu, chini ya nusu. Kisha hesabu fremu kwa sekunde. Zikipanda sana, basi mzigo ulikuwa katika kuchora picha. Zikibaki pale pale, basi viini vya prosesa ndivyo vinavyochoka, kwa maana kazi yao haikupungua.

Haya ndiyo matokeo yangu. Kwa picha kubwa: fremu 26. Kwa picha ndogo: fremu 44. Zilipanda sana! Na usiku ule nilipokuwa nimeikimbiza, kwa picha kubwa nilipata fremu 27. Kwa hivyo nilihatarisha jina la Mama na mkate wa jirani kwa sababu ya fremu moja.

Mkwamo ulikuwa kwenye uchoraji. Na kile kipande cha kuchora kilichomo ndani ya 3000G hakina ramu yake mwenyewe. Hutumia ramu ile ile ya tarakilishi, kikigombania na kila programu nyingine. Ni kama nyumba kumi zinazoteka kisima kimoja kwa ndoo moja. Mashine yetu ilikuwa na kipande kimoja cha ramu, jigabaiti 8, katika nafasi moja, na nafasi ya pili ilikuwa tupu. Kipande kimoja cha namna ile hupitisha kama jigabaiti 21 kwa sekunde. Viwili vinavyofanana, kila kimoja katika njia yake, hupitisha kama 42. Ndoo mbili!

Niliweka akiba ya pesa za mandazi muhula mzima, nikavuka Makupa kwenda mjini, nikanunua kipande cha pili kilichotumika, shilingi 2,500. Matokeo: picha kubwa, fremu 32. Picha ndogo, fremu 54. Siku hizi nacheza kwa picha ndogo, na mchezaji wangu hapiti tena matopeni. Mama naye amefaidi, maana anaweza kufungua fomu za watu watatu kwa pamoja na mashine isihangaike. Prosesa haikuguswa. Iko pale pale kwenye 3.5.

JE, HAKUNA AFAAYE KUIKIMBIZA?

Yupo, nisiwafunge roho. Kuikimbiza prosesa ni elimu nzuri, na mtu hujifunza humo fizikia ambayo ubao hauwezi kumfunza. Lakini atimize masharti haya:

1. Mashine iwe yake, wala isiwe na kazi ya mtu mwingine ndani.
2. Ahakikishe prosesa iko wazi na bodi inaruhusu.
3. Afanye jaribio la picha, aone kuwa viini vya prosesa ndivyo vinavyochelewesha.
4. Asafishe vumbi na apime joto kwanza, mchana, katika chumba chake mwenyewe.
5. Apandishe kidogo kidogo, 35 kisha 36 kisha 37, bila kugusa volti mpaka ilazimu. Kila hatua aipime kwa saa kadhaa za kazi nzito. Dakika ishirini za kandanda si kipimo.
6. Asikope namba za mtu. Prosesa mbili kutoka kiwanda kimoja hazilingani, moja itastahimili 3.9 na nyingine itashindwa. Hiyo ni bahati nasibu.
7. Anakili mafaili yake mahali pengine kabla ya kuanza. Mashine inayoganda huonekana, lakini jibu lisilo sahihi linaloandikwa kimya kimya ndani ya faili halionekani mpaka siku ya kulihitaji.

Mimi sharti la kwanza lilinishinda, na lile la tatu lilinionyesha kuwa sikuwa na haja. Siku nitakapokuwa na tarakilishi yangu mwenyewe, huenda nikajaribu tena, polepole, na Mjomba akiwa kando.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nilikuwa na mbacha wa jigahezi 3.5 unaolipa karo, nikautaka msala wa fremu moja. Nawe msomaji, kabla hujakimbiza kitu chochote, kiwe prosesa, pikipiki au kalamu yako ndani ya chumba cha mtihani, jiulize maswali matatu: ni nini hasa kinachonichelewesha? Joto lake litakwenda wapi? Na kikiharibika, atakayeumia ni nani?

Lile la tatu ndilo aliloniuliza Mama, ingawa yeye alilitia bei.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Prosesa imetolewa jigahezi 3.2 ikapelekwa 3.6, na volti zikatoka 1.2 zikafika 1.3. Umeme umeongezeka kwa asilimia ngapi? (Jibu lako lifike karibu na 32.)
2. Kwa nini joto la chumba cha Kipevu lina maana kwa prosesa, ilhali prosesa ina feni yake?
3. Mchezo una fremu 30 kwa picha kubwa, na 31 kwa picha ndogo. Ni nini kinachouchelewesha?
4. Tunga sentensi mbili ukitumia neno "kukimbiza" kwa maana mbili tofauti. Isiwe ya prosesa zote mbili!